Uzi Ukikatika, Itazame Ncha Yake: Mafundo na Mitego ya Mshipi wa Baharini

Nilikuwa na miaka 14, ndani ya ngalawa, nje kidogo ya kisiwa cha Yambe, Tanga. Kitu kizito kiliuvuta mshipi wangu mara mbili, na mara ya tatu mkono ukabaki mwepesi. Nikaanza kumsimulia mjomba ukubwa wa samaki aliyenitoroka. Hakunisikiliza. Aliuchukua mshipi, akaileta karibu na macho ile ncha iliyobaki, kisha akanirudishia.

"Huyu hakukata," alisema. "Umemfungulia mwenyewe."

Ncha ilikuwa imejikunja kama mkia wa kinyonga. Nailoni iliyozungushwa kwenye fundo hukumbuka mizunguko yake, kwa hiyo fundo likiteleza hadi kuachia, ncha hutoka na ile mikunjo. Angekata samaki mwenye meno, nguru au mzia, ncha ingekuwa safi kama iliyopitishwa wembe. Ingekuwa mwamba, uzi ungekuwa umekwaruzika na kupauka kwa urefu wa shubiri nzima au zaidi kabla ya kufika pale ulipokatikia. Siku ile nilijua kuwa samaki aliyepotea huacha maelezo, na kwamba mara nyingi maelezo hayo yanamhusu mvuvi kuliko samaki.

Watu wanaoanza kuvua kwa mshipi na chambo hukutana na majina mengi ya mafundo na michoro mingi ya namna ya kupanga ndoana na chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, wakadhani ni elimu ya kukariri. Mimi naona mambo yote yale yanazunguka maswali mawili tu. La kwanza: chambo kikae wapi majini? La pili, ambalo wengi hawajiulizi: kitu kikikatika, kikatikie wapi?

Hesabu ya kukatika

Tuanze na la pili, kwa sababu ndilo lililomponza kijana yule wa ngalawani.

Tuseme mshipi wako mkuu una nguvu ya kilo 40. Kipande kinachoshika ndoana kina nguvu ya kilo 25. Chubwi umelifunga kwa uzi mwembamba wa kilo 8. Kwa macho, mpangilio huu ni mzuri kabisa. Chubwi likikwama kwenye mwamba, uzi wa kilo 8 ndio unaoachia, unapoteza kipande cha risasi na kurudi na ndoana zako. Ndoana ikikwama, unapoteza ndoana moja na kubaki na vingine vyote. Mshipi mkuu haupaswi kukatika kamwe.

Sasa funga mshipi huo mkuu kwa fundo la kawaida, lile tunalofungia mdomo wa mfuko wa nailoni. Fundo hilo huupunguzia uzi karibu nusu ya nguvu zake, kwa sababu uzi unajikandamiza wenyewe kwenye kona kali na kujikata. Kilo 40 zimekuwa 20. Kipande cha ndoana, ulichokifunga vizuri, bado kina zaidi ya kilo 22. Mpangilio wako umepinduka bila wewe kujua: kikija kitu kikubwa, kitakachokatika ni mshipi mkuu, na utapoteza ndoana, chubwi, samaki na kila kilicho chini ya fundo lile. Samaki naye ataondoka akiburuta mzigo wote huo.

Ndiyo maana kujadili unene wa uzi bila kujadili fundo ni kupoteza muda. Nguvu ya mshipi ni nguvu ya fundo lake baya kuliko yote.

Kuna jambo la kihistoria hapa linalosaidia kuelewa. Nailoni ni kitu kipya. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara za DuPont huko Marekani, na timu ya mkemia Wallace Carothers, ikatangazwa kwa umma mwaka 1938. Kabla yake watu walivulia nyuzi za pamba, kitani na nyuzi nyingine za mimea. Uzi wa pamba una vinyweleo, unajishika wenyewe, na hata fundo rahisi linakaa. Nailoni ni laini kama kioo. Haijishiki. Inahitaji mizunguko mingi inayobanana ili msuguano upatikane, na ndiyo maana tunatumia haya mafundo yenye kuzungushwa mara tano au sita. Hayakubuniwa kwa urembo.

Msuguano huohuo una ubaya wake. Ukilikaza fundo likiwa kavu, nailoni inapata joto pale inaposuguana, na joto linaidhoofisha. Kwa hiyo kila fundo nitakalolieleza hapa lina hatua moja isiyorukwa: lilowanishe kwanza, kwa mate au kwa maji, kisha livute taratibu mpaka mizunguko ikae kila mmoja mahali pake. Mizunguko ikipandana, kata ufunge upya. Usiseme litashika.

Mafundo machache, yafungike hata gizani

La kufungia ndoana yenye tundu, ninalolipenda ni lile liitwalo Palomar. Kunja uzi uwe mara mbili, kiasi cha shubiri moja. Kipitishe kile kikunjo kwenye tundu la ndoana. Funga fundo la kawaida kwa uzi huo uliokunjwa, bila kukaza, ndoana ikining'inia katikati. Kisha chukua kitanzi kilichobaki, kivishe ndoana nzima mpaka kipite na kupanda juu ya tundu. Lowanisha, vuta. Fundo hili hubakiza sehemu kubwa sana ya nguvu ya uzi, na linaweza kufungwa kwa kupapasa usiku. Kosa la kawaida ni kuuacha uzi ujipishanishe ndani ya tundu. Nyuzi mbili zikae sambamba. Kasoro yake nyingine ni kwamba lazima kitanzi kipite juu ya ndoana nzima, jambo gumu kama ndoana tayari imeungwa na vitu vingine.

Hapo linakuja fundo la kusokota. Pitisha ncha kwenye tundu, izungushe kuuzunguka mshipi wenyewe mara tano au sita, irudishe ipite kwenye kile kijitundu kidogo kilicho karibu na ndoana, kisha ipitishe tena ndani ya kitanzi kikubwa kilichojifanya ulipokuwa unarudi. Lowanisha, kaza. Kwa uzi mwembamba ni zuri sana. Kwa nailoni nene, ile ngumu inayokataa kupinda, mizunguko haikai vizuri na fundo hubaki limefumuka. Punguza mizunguko iwe mitatu au minne, au lifunge fundo jingine. Lile lililojikunja kama mkia wa kinyonga lilikuwa ni hili, lililozungushwa mara mbili tu na mtoto mwenye haraka.

Ndoana nyingine hazina tundu, zina kichwa kilichopondwa bapa. Hizo huviringwa. Laza uzi sambamba na shina la ndoana, ukunje kitanzi, kisha tumia ncha kulizungusha shina pamoja na uzi uliolala juu yake, mara sita hadi nane, ukienda mizunguko ikigusana kama kamba iliyozungushwa kwenye mpini wa kisu. Ncha iishie ndani ya kitanzi, halafu vuta upande wa mshipi mpaka kila kitu kibanane chini ya kile kichwa bapa. Uzuri wa kuviringa ni kwamba nguvu inalishika shina lote, na ndoana inavutwa ikiwa imenyooka. Wavuvi wengi hufunga hivi hata ndoana zenye tundu, na naona wana haki.

La kuunga nyuzi mbili ni rahisi kuliko linavyoogopwa. Zilaze nyuzi sambamba, zipishane kwa shubiri moja au zaidi, zishike pamoja kana kwamba ni uzi mmoja, funga fundo la kawaida, na kabla ya kukaza pitisha tena mara ya pili na ya tatu. Lowanisha, vuta ncha zote nne kwa pamoja. Basi.

Limebaki lile la kutoa tawi katikati ya uzi, ambalo ndilo linalowatesa wanafunzi. Fanya kitanzi kikubwa kama sahani. Pale uzi unapopishana, zungusha upande mmoja kuuzunguka mwingine mara sita. Sasa tafuta katikati ya mizunguko hiyo, mitatu kushoto na mitatu kulia, pafungue kwa kidole, na usukume sehemu ya chini ya kitanzi ipite kwenye uwazi huo. Kishike kile kilichopita kwa meno, kilowanishe, halafu vuta pande mbili za uzi kwa mikono. Mizunguko itabanana, na kitanzi kitasimama pembeni kama tawi kwenye shina. Wengi hukosea kwa kuachia uwazi wa katikati ukajifunga kabla hawajausukumia kitanzi. Kijiti cha kibiriti kikiwekwa hapo kinaondoa tabu yote.

Neno moja kuhusu uzi uliosukwa, ule mwembamba usiovutika kama mpira. Una nguvu nyingi kwa unene mdogo, lakini unateleza kuliko nailoni, na fundo la kusokota huachia juu yake. Palomar ndilo linalokaa. Tena usiutumie kwa mkono mtupu. Samaki mzito akikimbia, uzi ule hukata vidole hadi mfupani. Mshipi wa mkono uwe wa nailoni nene, vidole vivalishwe mpira wa tairi la baiskeli, na usiuzungushe mshipi kwenye kiganja kwa sababu yoyote ile.

Chambo kikae wapi

Sasa swali la kwanza. Mtego wa mshipi, yaani mpangilio mzima wa uzi, chubwi na ndoana, ni namna ya kukiweka chambo mahali samaki anapokula.

Kwenye mwamba, penye changu na chewa, chubwi hukaa chini kabisa na ndoana hukaa juu yake kwenye matawi. Huu ndio mtego mama wa pwani yetu. Chubwi linagusa chini, chambo kinaelea juu kidogo ya matumbawe, na samaki akigusa unaisikia moja kwa moja kwa sababu hakuna kitu kati yake na kidole chako. Vipimo vyake mjomba alinifundisha kwa mkono, na bado ndivyo ninavyotumia: kila tawi shubiri moja na nusu, kutoka tawi hadi tawi shubiri nne, kutoka tawi la chini hadi chubwi shubiri tatu. Ukifanya hesabu utaona sababu. Matawi mawili ya shubiri moja na nusu yakinyooshwa yaelekeane yanafikia tatu, na nafasi kati yake ni nne. Hayawezi kukutana, kwa hiyo hayawezi kujitatiza. Anayeweka tawi refu kwenye nafasi fupi atashinda siku nzima akifumua.

Shina la mtego huu liwe la nailoni nene na ngumu kuliko matawi, ili matawi yasimame mbali nalo. Chubwi lifungwe kwa ule uzi dhaifu tuliousema. Kwenye mwamba mkali, chubwi lenyewe si lazima liwe risasi. Plagi kuukuu ya pikipiki, nati kubwa, hata jiwe lililofungwa vizuri, vyote vinazama. Risasi ni sumu, na sioni sababu ya kuiacha kwa mafungu kwenye matumbawe tunayovua kila siku.

Uzito wake unaamuliwa na maji. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kupwa kwa kiasi cha mita 3 hadi 4, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Mkondo unausukuma mshipi kwa urefu wake wote, na mshipi mnene unasukumwa zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza chubwi mara mbili bado likapeperuka, lakini akipunguza unene wa mshipi likatulia. Maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kupwa kidogo, ndiyo wakati wa kujaribu vina vikubwa kwa chubwi dogo. Kipimo ni rahisi: gusa chini, nyanyua shubiri moja, shusha tena. Kama husikii chubwi likigonga, huvui chini tena, unavua mahali usipopajua.

Kwenye mchanga mambo hubadilika. Hapo samaki hufuata harufu, hukinyanyua chambo na kuondoka nacho, na akihisi uzito anakitema. Kwa hiyo chubwi liwe na tundu, mshipi upite ndani yake kwa uhuru. Chini ya chubwi vaa ushanga, kisha funga swiveli, ile pete mbili zinazozunguka bila kusokota uzi. Kutoka kwenye swiveli ongeza kipande cha shubiri nne hadi sita, ambacho nitakiita lida, na mwishoni ndoana moja. Samaki akivuta, uzi unapita ndani ya chubwi na chubwi linabaki limelala. Ushanga si pambo. Bila huo chubwi hugonga fundo la swiveli mfululizo na kulilegeza. Usiupeleke mtego huu kwenye matumbawe. Chubwi lenye tundu huingia kwenye ufa likajibana, na safari hii hakuna uzi dhaifu wa kukuokoa.

Kwa samaki wa maji ya kati, chubwi huondolewa kabisa. Kibua hai, ndoana ikipita puani au mbele kidogo ya pezi la mgongo, anaachwa aogelee mwenyewe huku mshipi ukifuata. Kolekole humeza mzima. Nguru hafanyi hivyo: huja kwa kasi na kukata mkia kwanza, ukainua nusu ya kibua iliyokatwa kama kwa shoka. Jibu lake ni ndoana ya pili, iliyoungwa na ya kwanza kwa waya mfupi na kukaa karibu na mkia. Na lazima uwe waya, kwa sababu nailoni haina ujanja mbele ya meno yale.

Waya haufungwi fundo, unasokotwa. Upitishe kwenye tundu, pishanisha sehemu mbili zifanye alama ya X, usokote zote mbili kwa pamoja mara nne au tano, kila moja ikizunguka nyingine kwa usawa. Ukiona moja imenyooka na nyingine ndiyo inayoizunguka, itateleza. Kisha malizia kwa mizunguko minne iliyobanana kuuzunguka ule ulionyooka. Ncha usiikate kwa koleo. Ikunje huku na huku mpaka ivunjike yenyewe, itoke laini, maana ncha ya koleo hubaki kama msumari na siku moja utauvuta mshipi kwa mkono juu yake.

Mtego wa boya nauacha, kwa kuwa kila mtoto aliyevua gatini anaujua.

Ndoana na kinachovishwa

Namba za ndoana huwachanganya watu kwa sababu zinaenda kinyume kisha zinageuka. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya 1 huandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na kuanzia hapo namba ikipanda ndoana inakua. Viwanda havilingani, hivyo chukua ndoana uliyoizoea uende nayo dukani. Kwa changu wa kawaida mimi hubaki kati ya 1/0 na 3/0. Kikande, mwizi wa chambo mwenye mdomo mdogo na meno ya kutafuna mwamba, anataka ndoana ndogo yenye shina refu, la sivyo atakusafishia chambo mpaka kiishe.

Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda ikitazama shina, inahitaji mkono uliofundishwa upya. Tumezoea kukwanyua mara tu samaki anapogusa. Ukiikwanyua hii, inatoka mdomoni bila kushika kitu. Mwache achukue, mwache ageuke, kisha kaza tu bila kukwanyua. Ndoana itateleza mpaka pembe ya mdomo na kujigeuza. Kwa kuwa hushika mdomoni badala ya tumboni, samaki mdogo anaweza kurudishwa akiwa hai, na hata kasa aliyenaswa kwa bahati mbaya ana nafasi bora. Sharti lake ni ncha ibaki wazi. Ukiizika ndani ya mnofu haifanyi kazi.

Chambo kikae kimenyooka. Kipande cha samaki kikatwe chembamba, kirefu, na ngozi yake, kitobolewe mara moja karibu na ncha. Kikirundikwa kwenye ndoana kitazunguka kama feni kinaposhuka, na pima zote za mshipi zitajisokota. Ngisi ana ngozi ngumu na hudumu. Kamba ni mtamu kwa kila samaki lakini ni laini, basi mfunge kwa uzi wa kushonea mizunguko michache.

Mjomba sasa ana nywele nyeupe na macho yake hayaoni ncha ya uzi kama zamani. Kila baada ya samaki mmoja au wawili huipitisha pima ya mwisho ya mshipi wake katikati ya midomo, taratibu, kwa kuwa midomo husikia mkwaruzo ambao kidole chenye sugu hakiusikii. Akiusikia, anakata na kufunga upya, hata kama samaki wanakula kweli na wenzake wanampigia kelele. Vipande alivyovikata havitupi majini. Nailoni haiozi, itazunguka matumbawe na shingo za kasa miaka na miaka. Vinaingia kwenye kopo la maziwa chini ya ubao wa kukalia, na kopo linashuka naye ufukweni.